Mafuta ya kujipaka kwa ngozi kavu: tazama kilichomo, harufu baadaye

Losheni, krimu, mafuta ya mgando, jeli, gliserini: rafu imejaa na kila kopo linajisifu. Mimi huanza na swali moja tu. Humu ndani maji na mafuta yamekaaje?

Sukari ukiikoroga majini hutawanyika molekuli mojamoja, kila moja ikiwa ndogo kuliko nanometa 1 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Huo ni myeyusho halisi, nao hautajitenga hata ukiuacha mwaka mzima. Mafuta hayakubali hivyo. Hupigwa hadi yawe matone madogo mno, kisha kiunganishi huyazunguka yasirudiane. Hapo tumeingia kwenye koloidi, yaani mchanganyiko wa chembe ndogo zilizotawanyika bila kuyeyuka, jina alilolitoa mkemia Thomas Graham mwaka 1861 kutokana na neno la Kigiriki la gundi. Chembe za koloidi huwa kati ya nanometa 1 na 1000 hivi. Matone ya losheni mengi huzidi hapo, ila tabia ni ileile.

Ukitaka kuona kwa macho, zima taa. Mulika tochi kwenye glasi ya maji yenye gliserini: mwanga hupita bila kuonekana njiani. Tia tone la losheni kwenye glasi nyingine, ukoroge, umulike tena. Sasa mwale unaonekana wazi, kwa sababu matone yanautawanya.

Nafasi ya kwanza naipa krimu nzito. Ina mafuta ya kutosha kuzuia unyevu usitoke, na maji ya kutosha ipakike bila kuvuta. Krimu ziko za aina mbili: matone ya mafuta ndani ya maji, au matone ya maji ndani ya mafuta. Dondosha kidogo kwenye maji: ya kwanza hutawanyika na kuyafanya meupe, ya pili hubaki bonge. Kwa ngozi kavu sana chukua ya pili, ingawa itakuacha uking'aa. Ukifungua kopo ukakuta mafuta yameelea juu, koloidi imevunjika, rudisha dukani. Pia palipo na maji vijidudu huweza kuota, kwa hiyo tyubu au pampu ni bora kuliko kopo la kuchovya vidole, na alama ya kopo lililo wazi yenye 12M maana yake ni miezi 12 tangu kufungua.

Ya pili, mafuta ya mgando. Hayana maji kabisa, ndiyo maana hayaozi kirahisi. Hayaongezi unyevu, hufungia uliopo. Yapake ngozi ikiwa bado mbichi baada ya kuoga. Kwa visigino vilivyopasuka hayana mpinzani, ila kwa mwili mzima mchana yananata mno.

Losheni ni ya tatu: krimu iliyoongezwa maji. Kwenye orodha ya viambato, neno la kwanza karibu kila mara ni aqua, yaani maji. Inafaa ngozi isiyo kavu sana.

Jeli ya maji naiweka ya nne. Inapoza, inakauka, basi.

Gliserini iko mwisho, si kwa ubaya wake bali kwa sababu watu huipaka tupu. Hufyonza maji popote yalipo, hata ndani ya ngozi hewa ikiwa kavu. Ichanganye na maji kwanza, halafu paka krimu juu yake.