Programu ya kuchora ramani ya nyumba: inajua choo, haijui plasta

Nimeitumia kwa miezi minane, tangu kiwanja kina nyasi mpaka fundi alipobandika kigae cha mwisho. Jina lake silitaji. Programu za aina hii ni nyingi na zinafanana kama mapacha, kwa hiyo niliyoyaona kwenye yangu huenda ukayakuta kwenye yako. Unachora ukuta kwa kidole, halafu unavuta kitanda, sinki au choo kutoka kwenye ghala lake na kukiweka unapotaka. Kila kitu kinakuja na vipimo vyake vya kawaida.

Ghala hilo ndilo lililonifanya nilipie toleo kamili, na sijutii. Kabla ya hapo mimi na mke wangu tulikuwa tunapanga nyumba kwa kuhesabu hatua za miguu, yangu ndefu, zake fupi, na kila jioni ugomvi. Programu ilitunyamazisha wote wawili. Kaunta ya jikoni: kimo sentimita 90, kina 60. Kabati za juu: kina cha 35 hivi, ili ukiinama kukata kitunguu usigonge paji la uso. Jiko, mashine ya kufulia, mashine ya kuoshea vyombo: upana 60, 60, 60. Ukishaliona hilo, jikoni panageuka mchezo wa kupanga vipande. Ukuta wangu ulikuwa mita 3.1, ukabeba vipande vitano na kubakiza sentimita 10. Dirisha lililokuwa linakatiza katikati ya sinki nililisogeza kwenye skrini, bila kubomoa tofali hata moja.

Hata kabati la nguo lina kina cha 60, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Pima henga: ni kama sentimita 45. Ongeza shati lenye mabega mapana na unene wa mlango, utafika hapo hapo. Kabati la 50 litakubana mikono ya makoti kila unapolifunga.

Sasa niseme lililoniuma. Hodhi la kuogea la kawaida lina urefu wa sentimita 170 na upana wa 70. Nilichora bafu lenye sentimita 170 kutoka ukuta hadi ukuta, nikaliburuta hodhi ndani, likakaa kama kifuniko kwenye sufuria. Programu haikulalamika. Tofali zikapanda, plasta ikapigwa, na kabla ya vigae fundi akaniita. "Bosi, hilo hodhi ulilolichora litaingiaje hapa?" Plasta ilikuwa imekula sentimita 1.5 kila upande, na kigae pamoja na gundi yake vingekula nyingine 1 kila upande. Jumla 5. Nilikuwa nimebaki na 165.

Programu haikuniuliza hata mara moja kama ukuta ninaouchora ni tofali tupu au ukuta uliokwisha kuvaa. Fundi mwashi anapima tofali, mtengeneza kabati anapima kigae, na kati yao kuna sentimita ambazo hazina mwenyewe. (Zile 10 zilizobaki jikoni? Nusu yake ilikwenda huko huko.) Tuliacha hodhi, tukaweka bomba la mvua kwenye eneo la 90 kwa 90, ambalo linamtosha mtu mzima kugeuka bila kugusa ukuta. Lile la 80 kwa 80 linatosha pia, ila usidondoshe sabuni. Mke wangu hodhi lake hajalisahau.

Sakafu ina ugonjwa ule ule. Zege likishapata saruji ya kusawazisha na vigae, sakafu yetu ilinyanyuka sentimita 6. Kwenye ngazi hilo ni hatari. Programu inazipiga hesabu vizuri kwa kanuni ya zamani inayohusishwa na François Blondel, msanifu Mfaransa wa karne ya 17: kimo cha kipandio mara mbili, ongeza kina cha pa kukanyagia, upate kati ya 60 na 65. Sisi tulipata kimo 17 na kina 29, yaani 63. Lakini sakafu ya chini ikinyanyuka baadaye, kipandio cha kwanza kinakuwa kifupi kuliko wenzake, na mguu hukwaa mahali ulipozoea ulingano. Fundi aliliwahi hilo. Programu ingeniacha nianguke.

Kasoro ya pili ni kwamba inakipa kitu nafasi, anayekitumia haimpi. Choo cha kukaa kina upana wa 36 hivi na urefu unaokaribia 70, na itakuruhusu ukibandike kwenye kona kabisa. Jaribu kukaa hapo! Kutoka katikati ya bakuli hadi ukutani zinatakiwa angalau 38, na mbele ya bakuli acha 60 kwa ajili ya magoti. Mlango wa bafu wa 70 niliugeuza ufunguke nje: ndani ungemgonga aliyekaa, na mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, kumfikia ni kazi.

Kuhusu bomba la maji taka, haina msaada wowote. Kuna vyoo vinavyotoa uchafu chini, vingi tundu lake likiwa sentimita 30 hivi kutoka ukuta uliokwisha kumaliziwa, na vingine hutoa nyuma, katikati ya tundu ikiwa kama 18 juu ya sakafu. Kwenye skrini vyote ni duara moja jeupe. Nunua choo kwanza, au walau pata karatasi yake ya vipimo, ndipo umwage zege.

Kitu kimoja nilikipenda sana: duara la kiti cha magurudumu, kipenyo sentimita 150, unaloweza kulisukuma kila chumba kuona kama kiti kinageuka humo. Mama ana magoti mabovu. Duara lile ndilo lililofanya milango yake iwe ya 90, na choo chake tukakichagua chenye kikalio cha kimo cha 46 badala ya 41.

Vimo visikudanganye. Zile 90 za kaunta ni za mtu wa kati. Simama wima, kunja kiwiko, kaunta iwe chini yake kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa mke wangu ilitoka 85, na hapo hapo tukamaliza mjadala. Vyumba vingine tulivichora kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake halisi, tukatembea ndani yake tukifungua milango ya hewani. Majirani walicheka. Ila ni chaki iliyotuonyesha swichi imekaa nyuma ya mlango.

Nyota nne kwa ghala la vipimo, mbili kwa kuta. Nimeilipia tena, maana tunaanza kuchora banda la kufulia nyuma ya nyumba. Safari hii tofali la sentimita 15 nalichora kama ukuta wa 20.