Kibanda cha video cha Kibirizi, na ubishi wa Snape na Neville

Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi ya dagaa haitoki, maana taa hazivuti samaki, na sisi tunaoanika tunakaa bila kazi. Ndipo kibanda umiza cha jirani na mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kinapojaa. Safari hii wameonyesha filamu za Harry Potter, yule kijana mchawi, zote nane, kuanzia ya 2001 hadi ya 2011, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. Kiingilio shilingi 500. Mabenchi magumu, joto lipo, spika safi.

Sifa kubwa nampa mtafsiri. Kwingine nilikowahi kuangalia, Snape, mwalimu wa shule ya uchawi, akitokea tu na joho lake jeusi, mwenye maiki anamtangaza adui. Huyu alimwacha Alan Rickman, aliyemwigiza Snape, avute maneno yake, akasubiri amalize, ndipo akatafsiri kwa sauti ya chini. Kwa hiyo Snape alipomuua Dumbledore, mkuu wa shule, kwenye ya sita, kibanda kizima kiliruka, na kumbukumbu zake zilipofunguliwa kwenye ya mwisho, wavuvi watu wazima walifuta machozi.

Filamu ikiisha mwenye kibanda anawasha taa na kuacha watu wabishane. Hapo ndipo pesa yangu inaporudi. Nahodha mmoja alishikilia kwamba Snape ndiye mwanaume: kampenda Lily, mama yake Harry, mpaka kaburini, kamlinda mtoto asiye wake. "Dada, mapenzi gani yanazidi hayo?"

"Na Neville je, nahodha?" nikamuuliza. Neville ni mwanafunzi anayesoma na Harry. Bellatrix, mchawi katili, aliwatesa wazazi wa Neville mpaka wakarukwa na akili. Lakini kwenye ya tatu, yule kiumbe anayejigeuza kile unachokiogopa kuliko vyote alipomfikia Neville, alijigeuza Snape. Mwalimu wake! Mtu anayemtia hofu hiyo mtoto aliyekwisha kuumizwa, mimi simwiti shujaa, hata amlilie Lily vipi. Neville ndiye aliyesimama kuwazuia rafiki zake Harry, Ron na Hermione kwenye ya kwanza, na pointi zake 10 ndizo zilizoliletea bweni lao kombe. Ndiye aliyemkata Nagini kwa upanga, nyoka akiwa tayari amewarukia Ron na Hermione. Ukiziangalia kwa mpangilio unamwona akikua mbele yako; ukiokoteza moja moja humwoni kabisa.

Ya sita ina giza jingi, kaeni mbele. Na watoto waleteni kwa zile za mwanzo tu. Kuanzia ya nne, mwanafunzi Cedric anapouawa, wabaki nyumbani, wangu hakulala.