Redio koli garini: chagua mahali kwanza, redio baadaye

Watu wengi hapa Mombasa wakitaka redio koli ya gari, ile ya kuongea gari kwa gari, huanzia dukani. Wanalinganisha wati na idadi ya chaneli, wanalipa, kisha wanamkabidhi fundi boksi na kumwambia aifunge popote itakapoingia. Hapo popote mara nyingi huwa ni juu ya dashibodi au karibu na magoti ya dereva, na haupiti muda redio ya pesa nyingi inaanza kukatakata sauti. Mimi nakushauri uende kinyume. Keti ndani ya gari lako, amua redio itakaa wapi, ndipo uende dukani. Kuna redio za kipande kimoja, na kuna zile ambazo uso wake, yaani kioo na vitufe, huchomoka ukaunganishwa na mwili kwa kebo. Mahali ulipochagua ndipo patakapokwambia ununue ipi kati ya hizo mbili, na ukishanunua isiyofaa hakuna brakiti itakayoifanya ifae.

Nazungumza na mwenye Land Cruiser, Prado, Land Rover, Jimny au gari la watalii linalovuka Makupa kwenda bara: Tsavo Mashariki kwa geti la Bachuma, au la Sala kwa anayetokea Malindi, Shimba Hills, njia za vumbi za Kinango. Huko simu hupoteza mtandao kila baada ya kilima, na magari matatu yakiachana kwa sababu ya vumbi, wa mbele hana namna ya kujua kwamba wa nyuma amezama mchangani. Redio inayofaa kazi hiyo kwa kawaida ni ya VHF, yaani ya masafa ya juu sana, ya kufungwa garini, wati 25 hadi 50.

Gari letu la pwani lina maadui watatu. La kwanza ni joto: dashibodi ya gari lililoegeshwa juani saa saba mchana wakati wa kaskazi hupita nyuzi 60 bila taabu, na redio nyingi za kazi zimetengenezwa kuhimili nyuzi 60 basi. La pili ni chumvi ya hewa, inayokula kila kiungo cha shaba kilichoachwa wazi. La tatu ni vumbi jekundu la Tsavo, laini kiasi kwamba hupita hata kwenye milango iliyofungwa.

Juu ya hayo kuna jaribio moja ambalo halihitaji kifaa chochote. Funga mkanda, tazama mbele, shika usukani kwa mkono wa kulia, halafu peleka wa kushoto mahali unapofikiria kuitundika maiki. Dereva wetu huketi kulia, kwa hiyo mkono huohuo wa kushoto ndio wenye kazi ya gia, na kwenye Land Cruiser za mkonga, yaani fimbo ya gia, ndio unaoshika pia ile gia ndogo ya kuingiza magurudumu ya mbele. Maiki inatakiwa ipatikane bila kuitafuta kwa macho, na waya wake usining'inie juu ya mikonga hiyo. Jaribu tena ukiwa umeingiza gia ya kwanza, kisha ya nyuma. Mahali panaposhindwa hapo, usipapime kwa lolote jingine.

Nafasi ya kwanza: mwili chini ya kiti, uso karibu na mkono

Hapa sina shaka. Nunua redio yenye uso unaochomoka, mwili ufungwe chini ya kiti au nyuma ya kiti, na uso ukae karibu na gia au ubavuni mwa dashibodi, pasipopigwa na jua. Mwili ndio unaotoa joto ukiongea, ndio mzito, ndio wenye viungo vya waya na antena. Chini ya kiti pana kivuli siku nzima. Uso ni mwepesi, mtikisiko wa barabara ya mawe hauung'oi, na ukiegesha mjini unauchomoa unaondoka nao. Mwizi akichungulia dirishani haoni kitu.

Yapo masharti. Usiukaze mwili moja kwa moja sakafuni. Tengenezewa kipande cha bati kiunyanyue, maana maji ya mto wa msimu yakiingia garini hutangulia hapo, na karpeti ikilowa hukaa na unyevu siku kadhaa, tena ikiwa ya maji ya bahari haikauki sawasawa. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande ili mapezi ya kupozea yapate hewa. Sukuma kiti mbele na nyuma hadi mwisho wa reli zake uone kama kinakata kebo. Chini ya viti vya magari mengi ya siku hizi utakuta plagi za njano: hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama, na fundi asizichomoe wala asichukue umeme karibu nazo.

Na lazima ununue spika ya pembeni. Spika ya ndani ikiwa chini ya kiti, sauti inamezwa na sponji na karpeti, na kwenye ngurumo ya matairi ya matope hutasikia neno. Spika ndogo ifungwe nyuma ya bega la dereva au juu ya nguzo ya mlango, mradi nguzo hiyo haina mfuko wa hewa. Unapouliza bei, uliza ya redio pamoja na kebo ya uso na spika. Maduka mengine huviuza mbalimbali, na anayenunua mwili peke yake hushangaa baadaye. Kwenye gari dogo kama Jimny pima kwanza kwa futi, kwani mara nyingi mwili hubidi uende nyuma kabisa, na hapo kebo fupi haifiki. Kebo za mita 3 hadi 6 hupatikana.

Nafasi ya pili: kati ya viti viwili vya mbele

Ikiwa mfuko hauruhusu uso unaochomoka, chukua redio ya kipande kimoja uifunge ubavuni mwa ule mgongo uliofunika giaboksi, au kwenye sanduku lililo kati ya viti. Land Rover za zamani zina sanduku zuri hapo, kama kwamba liliwekwa kwa kazi hii. Mkono unafika, abiria naye anaweza kuongea kwa niaba ya dereva, jambo ambalo kwenye njia mbaya ni bora zaidi, na redio haipigwi na jua sana.

Ila chini ya mgongo huo kuna giaboksi inayochemka. Weka brakiti inayoiacha redio mbali na bati, usiilaze juu yake. Skrubu ziwe fupi, na fundi aangalie upande wa pili kabla ya kutoboa, kwa sababu waya na mipira hupita huko. Ubaya mwingine ni vinywaji. Kikombe cha chai kikimwagika kwenye gari linaloruka, kinamwagikia redio. Ukiweza kupata yenye kiwango cha IP54 utakuwa umejikinga na vumbi na marashorasho. IP67 huhimili kuzama mita 1 kwa nusu saa, lakini hicho utakikuta zaidi kwenye redio za mkononi.

Nafasi ya tatu: juu, kwenye silingi

Madereva wa watalii wanapapenda, na wana haki. Vumbi ni haba, maji hayafiki, magoti hayagongi, sauti inatoka karibu na sikio. Maiki ikining'inia upande wa kushoto wa kichwa, mkono unaijua baada ya siku moja tu.

Nimepaweka pa tatu kwa sababu ya vichwa. Gari likianguka shimoni, chuma chenye kona kilicho juu ya paji la uso si kitu cha kudharau. Redio iwe ndogo, kona zake zizungushiwe raba, na ifungwe kwenye fremu inayoshika nguzo au vyuma vya paa, si kwenye silingi laini inayoshikiliwa kwa gundi. Gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni, ile inayoshuka kama pazia, usiweke chochote kwenye kingo za silingi. Na gari la watalii la paa linaloinuliwa halina mahali hapa, isipokuwa kama kipande cha juu ya dereva hakisogei.

Nafasi ya nne na ya tano

Chini ya dashibodi upande wa abiria ni rahisi kufunga, ndiyo maana mafundi hukimbilia hapo. Abiria ataigonga kwa goti kila akipanda, na bomba la maji ya eyakondishena mara nyingi hupita karibu. Kama abiria wako ndiye msemaji wa msafara, patakufaa. Kama unaendesha peke yako, huifikii bila kuinama.

Kisha kuna tundu la redio ya muziki, lile la milimita 180 kwa 50. Inapendeza, inaonekana kama imetoka nayo kiwandani. Lakini nyuma yake hakuna hewa, na si kila redio koli ina umbo hilo. Kisanduku cha mbele ya abiria nakiweka kundi moja na hili: redio imefichwa, joto nalo limefungiwa ndani.

Pa mwisho: juu ya dashibodi

Hapana. Jua nimeshalieleza. Zaidi ya hilo, upande wa abiria ndipo mfuko wa hewa unapotokea, na hufunguka ndani ya muda usiofika sehemu ya ishirini ya sekunde. Redio iliyokaa juu ya kifuniko chake inageuka jiwe la kombeo, na uso wa abiria ndio ulio mbele yake. Hata kwenye gari lisilo na mifuko hiyo, unajizibia njia mwenyewe mahali unapohitaji kuona jiwe kabla ya tairi.

Anayekodi gari, asiyeruhusiwa kutoboa kitu, achukue redio ya mkononi ya wati 5 na antena ya nje ya kitako cha sumaku. Antena ya nje huongeza umbali kuliko wati, kwa sababu mwili wa gari ni chuma na huyazuia mawimbi.

Waya na antena

Nilimsikia kijana mmoja gereji akimjibu mwenye gari aliyeuliza umeme ameutoa wapi: "Ami, nimeuchukua pale kwenye redio ya muziki, umeme ni uleule." Umeme ni uleule, waya si uleule. Redio ya wati 50 huvuta zaidi ya ampea 10 ukibonyeza kuongea. Kwenye waya mwembamba volti zinashuka, na wenzako wanasikia maneno nusunusu huku wewe ukiwasikia vizuri. Waya mnene utoke kwenye betri moja kwa moja, fyuzi iwe jirani na betri, na tundu la kupitia ukuta wa injini livalishwe raba. Tundu la kiberiti cha sigara ni la dharura tu. Tena hakikisha volti: baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani zilizotoka Japani ni za volti 24, na redio ya volti 12 ukiichomeka hapo inaungua. Zinahitaji kipunguza volti.

Antena ya VHF ya robo wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi la redio, ni kama nusu mita, na mahali pake pazuri ni katikati ya paa la chuma, ambapo mawimbi yanatoka sawa pande zote. Paa likiwa la fiberi au turubai, peleka antena kwenye madigadi au bulba (vyuma vya kinga vya mbele), ukijua upande mmoja utasikika kuliko mwingine. Ukiifunga kwenye keria, ifunge juu ya vitu vyote, si katikati ya madebe na majembe. Land Rover za zamani zina bodi ya alumini, sumaku haishiki, kwa hiyo usinunue kitako cha sumaku kwa gari hilo.

Viungo vya nje vipakwe grisi ya umeme na vizungushiwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Nimeona kebo iliyokatwa kwenye gari la Likoni: nje plastiki nyeusi inang'aa, ndani shaba imegeuka kijani kibichi umbali wa kiganja kizima. Maji ya chumvi yalipenya kwenye kiungo kimoja kisichofungwa yakafuata nyuzi za shaba. Skrubu ziwe za chuma cha pua.

Leseni nayo ni sehemu ya bei. Masafa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na redio yenyewe inatakiwa iwe ya aina iliyoidhinishwa nayo. Muuzaji akikuwekea masafa aliyoyachagua yeye bila karatasi, huenda ukawa unaongea juu ya mawasiliano ya kazi ya watu wengine. Kwa walio kwenye kampuni ya utalii au kikundi, uliza kwanza kama leseni ipo na gari lako linaingizwa vipi.

Siku ya kuchukua gari, usimmalizie fundi pesa yake kabla hajachomeka mita ya SWR, ile ya kupima nguvu inayorudishwa na antena, kati ya redio na antena mbele yako. Ikisoma 1.5 au chini, sawa. Ikivuka 2, kuna kiungo au mahali pa antena pa kurekebisha. Ikifika 3, usibonyeze tena hadi ilipokosewa papatikane, maana nguvu inarudi redioni. Fanya kipimo hicho injini ikiwaka, eyakondishena ikiwa juu, taa zimewashwa, na umwombe mwenzako aende na redio nyingine mpaka ng'ambo ya mtaa akwambie anasikia sauti yako au anasikia mvumo wa injini.