Mgahawa nilioususa Posta, nimerudi na haya ndo niliyoyakuta

Wakuu, kuna mgahawa maeneo ya Posta hapa Dar, jina naliacha, niliususa mwaka jana. Saa saba mchana ofisi zote zinamwagikia pale halafu kaunta kuna dada mmoja tu, yeye ndo aandike oda, apokee hela, atafute chenji, amimine juisi, na wahudumu watatu wamegemea ukuta wanachati. Kuna siku niliagiza wali samaki nikakaa dakika 40 ndo naambiwa "samaki ameisha kaka". Ameisha saa ngapi sasa?

Juzi kati mshkaji kanivuta nikarudi shingo upande. Meneja mpya. Nikajua nitakuta ukarabati, wapi, viti vya plastiki vilevile, feni ileile inayolia kama inakata roho, hata wafanyakazi ni walewale sura nazijua. Ila msosi umefika sijamaliza hata kunawa.

Kumbe jamaa kapangua watu tu. Yule dada kaachiwa hela peke yake, na lipa namba imebandikwa kila meza yani unalipa ukiwa umekaa. Mmoja wa wale wagemea ukuta kapelekwa kwenye chapati, anaanza saa nne anajaza hotpoti, mchana ni kuchota tu. Mlangoni kuna ubao, kitu kikiisha kinafutwa hapohapo. Chaki hiyo jamani, bei gani?

Kilichonimaliza ni vichwa vya samaki. Zamani walikuwa wanafaidi paka wa uchochoroni, siku hizi samaki wakitoka Feri alfajiri vichwa vinaingia sufuriani na ndimu na pilipili mbuzi, supu buku mbili bakuli, na ukichelewa mpaka saa nne unakuta watu wanafuta midomo. Mi nilikuta mchuzi wa chini umebaki kidogo, nikaunywa na chapati mbili na sijutii.

Sasa lawama. Sinki ni moja, na sabuni ikifika saa nane ishakuwa maji matupu. Halafu mambo yote yako kichwani kwa meneja, wenzake hajawaachia kitu. Alhamisi iliyopita alikuwa ofu, ubaoni SAMAKI kaandikwa herufi kubwa kabisa, nikaagiza, nikakaa weeee, mhudumu anakuja mikono nyuma.

"Samaki ameisha kaka, huo ubao wa jana."

Nyota nne. Alhamisi nakula kwa mama ntilie.