Kidude cha Wi-Fi cha USB: antena safi, draiva ya kubahatisha

Maunzi yake sina ugomvi nayo. Antena mbili, hakipati moto, na kwenye gigahezi 5 hakikatikikatiki hata nikihamia chumba cha mwisho. Kinachoniua ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa.

Ukikichomeka kwenye Linux, kwanza kinajitambulisha kama kisomea CD. Ndiyo, CD! Humo wameweka draiva ya Windows. Hadi programu ndogo iitwayo usb_modeswitch ikiamuru kigeuke, ndipo keneli, kiini cha mfumo endeshi, inapoona kifaa cha mtandao. Inasoma namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, inatafuta draiva inayozitambua namba hizo, inatoka mikono mitupu. Mtengenezaji ameuweka msimbo wa draiva pembeni, ukompaili mwenyewe, yaani uugeuze kuwa programu inayoendeshwa na mashine.

Nikakompaili, kikawaka vizuri tu, mpaka keneli iliposasishwa. Wi-Fi ikatoweka. Wanaotunza keneli ya Linux hawaahidi kwamba miito yake ya ndani, ambayo draiva huitumia kuzungumza nayo, itabaki vilevile. Wakibadilisha kitu, draiva zilizomo ndani ya keneli wanazirekebisha wao wenyewe, na za nje shauri yako. Zana iitwayo DKMS huikompaili upya draiva ya nje kila keneli mpya inapoingia, ila mwito ukishabadilika nayo inakwama. Ukiwa umewasha Secure Boot, ulinzi unaokataa msimbo usio na saini inayoaminika, draiva hiyo lazima uitie saini ya kidijitali pia.

Haya yote ningevumilia kama ingekuwa programu ya kawaida. Kivinjari kikigusa kumbukumbu isiyo yake, kichakataji kinakataa, keneli inakifunga, nawe unaendelea na shughuli zako. Draiva hii inaishi ndani ya keneli kwa ruhusa zilezile za keneli, kwa hiyo ikikosea haianguki peke yake: mara nyingine nikiiamsha laptopu kutoka usingizini, mashine nzima inaganda, hata kishale hakisogei. Ndicho kilichotokea kwa ukubwa wa kutisha tarehe 19 Julai 2024, faili moja yenye kasoro ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, iliposomwa na draiva yake ndani ya keneli ya Windows. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 ziliathirika.

Nyota mbili, zote za antena. Wa Windows jaribuni, kwenu kinajisakinisha chenyewe. Wa Linux, ulizeni chipu iliyomo, msitazame maandishi ya boksi. Chipu ya MT7612U ya MediaTek, kwa mfano, draiva yake imo ndani ya keneli tangu toleo la 4.19: unachomeka, unatumia.