Lodiseli ya kilo 5 na bodi ya HX711: nimeiweka chini ya daraja la tambi

Vijana wangu wa ufundi ujenzi wamechoka na mishale ya nguvu ubaoni, nami nimechoka kuichora. Ndipo nikanunua lodiseli ya kilo 5, yaani kihisi cha uzito, kile kipande cha alumini chenye tundu katikati, pamoja na bodi yake ndogo ya HX711 inayogeuza ishara zake kuwa namba, na kutumia Arduino (kompyuta ndogo ya bodi moja) tuliyokuwa nayo.

Upande mmoja tumeukaza mezani kwa skrubu, wa pili uko hewani, na juu yake linakaa egemeo moja la daraja la mfano la tambi. Uzito wa daraja lenyewe tunaufuta kwenye programu kwanza. Weka jiwe la mizani la kilo 1 katikati: inasoma karibu gramu 500. Lisogeze hadi robo ya urefu kutoka egemeo hilo, inapanda mpaka 750 hivi. Hapo kila mtu anataka kulisogeza yeye.

Kasoro zipo. Nyaya zake nne ni nyembamba mno, ukizivuta kidogo tu risasi ya kulehemu inaachia. Chumba kikipata joto namba zinatambaa, kwa hiyo iwashe mapema. Kinachoniudhi zaidi: bodi nyingi zimewekwa kusoma mara 10 tu kwa sekunde. Tambi ikikatika, pa! kilele cha nguvu kimeshapita. Chipu ina mguu wa kubadilisha iwe 80, ila utake mkono mwepesi wa kulehemu.

Ya kilo 50 usichukue kwa kazi hii, gramu chache haizisikii vizuri. Mimi naongeza nyingine ya kilo 5 kwa egemeo la pili.