TAHADHARI: Msipigwe na "pakeji ya nguvu" ya Toyota 86 hapa Dar

Wakuu, salaam. Kuna muuzaji anazunguka Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenye magari, anawawinda hasa wenye Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, magari madogo ya michezo, ambazo bado ziko kama zilivyotoka Japani. Jina la akaunti siliandiki kwa sababu analibadilisha kila akizomewa. Lile la wiki iliyopita ukilitafuta leo hulioni. Mtambueni kwa mzigo wake. Anauza "pakeji ya nguvu" kwa laki nane na nusu: chipu ya kuchomeka chini ya usukani, plagi nne za iridiamu, "remapu" (kupanga upya programu ya injini), na kutolewa masega (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi) bure. Anaahidi gari litoke nguvu ya farasi 200 lifike 260. Nusu unatuma kwanza kwa simu, nusu ukishafungiwa.

Hiyo 260 peke yake inatosha kukukimbiza. Injini ya 86 ni FA20, lita mbili, haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na kiwandani wameshaikamua: mgandamizo ni 12.5 kwa 1, na hizo farasi 200 inazitoa mizunguko ikifika 7,000 kwa dakika. Hakuna farasi 60 walizosahau humo ndani. Hata mafundi wakweli, wenye manifoldi nzuri ya ekzosi na remapu iliyopimwa kwenye dayno (mashine ya kupimia nguvu ya gari), kazi yao ya kwanza ni kuziba lile shimo la mvuto, yaani pale gari linapolegea, la kati ya mizunguko 3,500 na 4,500, ambalo kila mwenye 86 analijua akitaka kulipita lori. Kwa hiyo mtu akikuahidi 60 bila tabo wala supachaja (ndugu yake tabo), ama gari halijui, ama ana hakika wewe ndiye hulijui.

Chipu nimeifungua. Jamaa yetu wa Tabata aliuziwa, akaniletea kwa sababu gari lilikuwa vilevile. Ndani kuna ubao mdogo, taa tatu za rangi, kitufe, na kichipu kimoja cha kuziwasha zile taa. Basi. Kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari iliyo chini ya usukani, mazungumzo ya gari hupita kwenye pini ya 6 na ya 14; kwenye ubao ule pini hizo hazijaunganishwa na kitu chochote. Zilizofanya kazi ni ya umeme na ya hasi tu. Yaani unanunua taa ya kumeta chini ya dashibodi. Muuzaji akibanwa anakwambia endesha kwanza kilomita 200 "ili isome gari". Na ukishazimaliza hizo kilomita, ameshakublock.

Remapu yake nayo ni hivi: anakuja na laptopu, anachomeka waya, anafuta kodi za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kontroli boksi, anakwambia kajaribu. Kuna wengine amewafungia kidude kwenye pedali ya mafuta. Kile kinafanya ukikanyaga kidogo gari lidhani umekanyaga sana, basi mtu anaruka kwenye siti anasema "aisee, limeamka!" Nguvu haijaongezeka hata farasi moja. Mwambie akuonyeshe karatasi ya dayno ya gari LAKO, kabla na baada, siku moja, mashine moja. Ile grafu anayoposti ni moja tu. Nimeiona kwenye 86 nyeupe, nikaiona tena kwenye Crown.

Kibaya zaidi ni kama kweli anapakia faili. Faili za 86 zinazozagaa mtandaoni nyingi zimetengenezwa na watu wa Ulaya, ambako kitabu cha gari hili kinataka petroli ya oktani 98 (kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo). Ukiipakia kwenye gari linalonyweshwa petroli ya kawaida ya huku, injini yenye mgandamizo mkubwa namna ile itaanza kugonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe ndani. Pistoni haikupi onyo mara mbili.

Sasa masega. Hapa ndipo naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo anapopatia hela yake halisi. "Natoa bure" siyo ukarimu. Ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali, na hapa mjini wanunuzi wa masega mnawajua, matangazo yao yamebandikwa hadi kwenye nguzo. Kwenye 86 masega ya kwanza yamo ndani ya manifoldi yenyewe ya ekzosi, na mengine yako kwenye bomba linalofuata. Jamaa anafungua yote, anapasua, anachukua kilichomo, anachomelea tena, anakurudishia ganda. Wewe unabaki na kelele, harufu ya moshi mpaka ndani ya gari, na taa ya injini inayowaka kwa sababu sensa ya nyuma imeona hakuna kinachosafisha. Ile taa anaifuta siku hiyohiyo, inarudi baada ya siku chache, na wakati huo masega yako yameshapata mnunuzi. Ukitaka kurudisha ya asili, ulizia bei kwanza ukiwa umekaa.

Plagi sitazieleza sana. Iridiamu ya kweli ina ncha ya katikati nyembamba kama ya sindano. Alizofunga kwenye gari la yule jamaa zilikuwa na ncha nene ya kawaida iliyochongwachongwa, na kwenye boksi jina la nchi limekosewa herufi. Na ikumbukwe plagi za injini hii zimelala ubavuni, zinabanana na chesisi, kuzifikia ni shughuli. Hutaki kuirudia kazi hiyo kwa sababu ya feki.

Pia ameanza kuleta rimu. Anasema "za Mark X, zinaingia bila shida". Haziingii. Mark X ni 5x114.3, 86 ni 5x100: yaani matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 114.3 au 100. Kuna mafundi wanaotoboa upya matundu, na kuna nati za kuyumbayumba za kulazimisha; vyote viwili ni kucheza na roho yako na ya abiria wako. Hata rimu za Prius, ambazo ni 5x100, zina tundu la katikati la milimita 54.1 wakati habu ya 86 ni 56.1, kwa hiyo hazikai. Rimu za Impreza za 5x100 ndizo ndugu zake, lakini nazo uliza ni ya mwaka gani, maana STI, ile Impreza ya mbio, nyingi ni 5x114.3.

Kwa mwenye hiyo laki nane na nusu mkononi: anza na chesisi namba. Mwaka 2018 gari za 86 na BRZ za 2012 na 2013 ziliitwa kurudishwa kwa ajili ya springi za vavu, na kazi yake inahitaji injini ishushwe. Hakikisha kama lako lilifanyiwa huko Japani kabla hujaanza kulipeleka mizunguko 7,000. Kisha nenda kwenye tairi. Baadhi ya 86 zilitoka kiwandani na tairi za aina iliyofungwa pia kwenye Prius, gari la kubana mafuta, kwa hiyo tairi nzuri za saizi 215/45 R17 zitabadilisha gari kuliko chochote cha pakeji ile. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Halafu pedi bora na mafuta ya breki ya DOT 4 mapya, ambayo yakiwa makavu (hayajanyonya maji) hayachemki chini ya nyuzi 230, wakati DOT 3 kiwango chake ni 205. Ukishuka mteremko mkali wa Kitonga utaielewa hiyo tofauti ya 25. Pigisha alaimenti, badili oili ya gia boksi, na ikibaki hela weka mafuta ya safari. Mwendo wenyewe utaupelekea wapi, na tochi za trafiki za kupimia mwendo ziko kila kijiji?

Mliokwisha kutuma hela: msifute mazungumzo. Hifadhini meseji za muamala, picha za alichofunga, na picha ya akaunti kabla hajaibadilisha tena. Namba aliyopokelea hela itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha mfungue jalada polisi. Spea feki zipelekeni pia Tume ya Ushindani, FCC, maana bidhaa bandia ziko chini yao. Na kama kuna aliyetolewa masega na bado hajamaliza ile nusu ya pili, asiilipe. Mwambieni ayarudishe kwanza.